Mwenye Kamba Hakuitika

Kina mama wenzangu ambao vijana wenu wanakata miti, nawaandikia mkiwa bado mna nafasi ya kuongea nao. Mimi niliogopa msumeno, nikaogopa urefu wa miti, nikaogopa mvua yetu ya mchana inayofanya magome yateleze. Hatari ikatokea mahali pengine kabisa.

Kijana wangu ni Nyamweya. Alianza kazi pamoja na Ogoti, mtoto wa shemeji yangu, chini ya mzee Anyona wa Keroka, mwenye msumeno wa injini. Huku kwetu mashamba ni madogo. Mkaratusi unasimama kati ya jikoni ya mtu, migomba ya jirani na majani chai ya mwingine, kwa hivyo huwezi kuuangusha mzima. Mmoja anapanda, anafunga tawi kwa kamba, anapitisha kamba kwenye panda ya juu, kisha anakata. Mwingine yuko chini. Kamba ameizungusha kwenye kisiki, anailegeza polepole mpaka tawi linatua bila kuvunja hata jani la mgomba.

Wa juu na wa chini hawaonani vizuri. Kwa hivyo wana sheria yao. Wa juu anaita, "Nakata!" Wa chini akiwa tayari anaitika, "Leta!" Bila hiyo "Leta", msumeno haugusi mti.

Mzee Anyona alimpa Ogoti kazi ya kupanda kwa sababu ni mwembamba. Nyamweya wangu ana mwili mkubwa, akabaki na kamba. Hapo ndipo wivu ulipomwingia. Watu wakipita njiani wanasimama, wanaangalia juu, wanapiga makofi. Nani ataangalia mwenye kamba? Wateja wakipiga simu wanasema, "Tuletee yule Ogoti."

Jioni nikimuuliza, "Leo mlikata wapi?" ananijibu huku kijiko kinagonga sahani.

"Muulize Ogoti. Si ndiye anakata? Mimi ni mbuzi tu, nimefungwa kwa kamba."

Halafu Bonareri, msichana wa duka pale Masimba, ambaye Nyamweya alimpenda bila kumwambia, akachukua video ya kazi yao akaituma kwa watu wote. Nyamweya alinionyesha. Ogoti alionekana mzima, na kofia yake nyekundu, anacheka huko juu. Ya Nyamweya ilionekana miguu tu, ndani ya viatu vya mpira.

"Mama, hizo ni gambuti zangu," akasema. "Na hata hajauliza ni za nani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo akaanza mchezo. Ogoti akiita, "Nakata!" Nyamweya ananyamaza, na yuko tayari kabisa. Anamwacha aning'inie huko, msumeno unanguruma mkononi, jasho linaingia machoni.

"Wewe! Umelala?" Ogoti anapiga kelele.

"Ngoja, bwana mkubwa! Ama kiti chako huko kimekuwa moto?"

Watu wanacheka, na wakicheka wanamwangalia Nyamweya. Hiyo ndiyo ilikuwa tamu yake. Mzee Anyona akamwonya, "Omomura, wewe kijana, kamba hatuchezei." Nyamweya akaacha kidogo, akarudia.

Sasa oneni ubaya wake. Ogoti alichoka kungoja. Alizoea kwamba Nyamweya akinyamaza ni utani, yuko tayari. Akaanza kuita mara moja na kukata hapo hapo.

Siku yenyewe walikuwa kwa jirani yangu Nyanchoka, ambaye mkaratusi wake uliinamia jikoni. Nilikuwa nimewapelekea uji, nimesimama pembeni kwenye majani chai. Bonareri naye alikuwa amekuja na simu yake. Tawi lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote. Kamba ilikuwa imepandana kwenye kisiki, kwa hivyo Nyamweya aliitoa yote aizungushe upya.

"Nakata!" Ogoti akaita.

Nilimwona mtoto wangu akiinua uso kumwambia angoje. Akamwona Bonareri ameelekeza simu juu. Akafunga mdomo.

Msumeno ukalia. Nilipiga kelele, lakini nani angenisikia? Tawi liliondoka na kamba ikakimbia. Nyamweya angeweza kuiachia tu. Lakini moshi ulikuwa unatoka jikoni, Nyanchoka yuko ndani. Akaishika kwa nguvu zake zote. Ilimkokota mpaka kwenye kisiki, mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya kamba na mti. Tawi likapunguza mbio, likavunja ukingo wa paa. Nyanchoka alitoka mbio na mwiko mkononi, mzima. Ee Nyasae, Mungu wangu. Mtoto wangu walimtoa vidole hospitalini.

Aliporudi nyumbani Ogoti alikuja kumwona. Alikaa karibu na mlango, kofia kwenye magoti.

"Ndugu yangu, mimi niliita."

"Nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

Nyamweya aliangalia bendeji. "Nilitaka ungoje. Kungoja kidogo tu."

"Nilidhani unanichezea."

"Nilikuwa nakuchezea."

Nilikuwa nasonga ugali, mwiko ukasimama. Ogoti alilia, mwanaume mzima. Wangu hakulia. Akauliza, "Sasa nani anashika kamba?"

"Osoro."

"Anaitika?"

"Kila mara."

"Na watu wanamwona?"

Ogoti aligeuzageuza kofia yake. "Anyona anamsifu kidogo," akasema.

Nyamweya akageukia ukuta. Niliuona uso wake kabla haujageuka, wivu ni ule ule, na tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kudonoa, kwa sababu anasema mkono ukipona anarudi kazini. Mwulizeni kijana wenu kazini anamwonea nani wivu. Mwulizeni kabla hajakabidhiwa kamba, na akiwajibu kwa mzaha, msicheke.