Rangi ya Mtumbwi kwenye Pikipiki ya Mahmoudi

Mahmoudi alikuwa na pikipiki mbovu na mdomo mzuri, na kati ya viwili hivyo mdomo ndio uliomponza. Siku alipokwenda kumposa Sifa, babake binti alimuuliza ana kitu gani duniani. Badala ya kujibu kama mtu mzima, akasema ana pikipiki mpya, ndiyo kwanza imetoka dukani. Mpya! Pikipiki ile ambayo nusu ya mji wa Kalemie, pale kando ya ziwa, ilikuwa inaitambua kwa kikohozi chake!

Mzee akasema sawa, lakini neno la mwisho ni la dada yake, Mama Mouna wa Moba, maana kwao binti haolewi mpaka shangazi aridhike. Shangazi angefika kwa boti siku ya Ijumaa. Mahmoudi ampokee bandarini, tena kwa hiyo hiyo pikipiki yake mpya.

Jasho likamtoka. Kumpenda Sifa alimpenda kweli, hilo tusimnyang'anye, usingizi ulikuwa umemhama kwa ajili yake. Ila badala ya kurudi kwa mzee na kusema ukweli, akaikokota pikipiki mpaka kwa Papa Wilfried, fundi wa rangi mwenye garaji kando ya barabara ya bandarini.

Fundi wa rangi, kwa maneno yake mwenyewe. Maisha yake yote Wilfried alikuwa akipaka mitumbwi ufukweni, na siku alipopata pampu ya kupulizia rangi akatundika kibao cha garaji. Elimu yake haikuongezeka hata chembe: paka nene, na popote uonapo tundu, ziba kwa lami, ziwa lisiingie. Kwa mtumbwi, huo ni ufundi mzuri sana.

"Papa Wilfried, nataka ionekane kama imetoka dukani leo," Mahmoudi alimwambia. "Kutu isionekane, ufa usionekane, tundu lisionekane. Nangojea wakwe."

"Mutoto wangu, umefika," Wilfried akajibu. "Hata tone halitaingia."

Tone la nini? Mwenye akili zake angeuliza. Mahmoudi alikuwa anawaza harusi.

Ijumaa akaenda kuichukua, akasimama mdomo wazi. Buluu, ile ile ya mitumbwi, ilikuwa imechuruzika kwenye tangi na kuganda kama uji uliofurika chungu. Kioo cha kushoto kilikuwa kimepakwa pamoja na chuma chake. Na chini kabisa, kuzunguka pande zote, Wilfried alikuwa amepiga mstari mweupe, ule wa kuonyesha maji yanafika wapi chombo kikipakiwa.

"Papa, hii njo nini?"

"Jua la wiki hii halikuwa jua zuri," Wilfried akasema bila hata kuona haya.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua! Mahmoudi alitaka kumrukia, lakini boti ilikwisha piga honi. Akaondoka na hasira yake tumboni.

Mama Mouna alishuka na kapu la ndagala, dagaa wa ziwani, mkononi, mwanamke wa kupima mtu kwa macho kuanzia viatu. Alimpima Mahmoudi. Kisha akaipima pikipiki, na hapo macho yalikaa zaidi.

"Hii njo ile mpya?"

"Mpya kabisa, Mama."

"Mbona inanuka boti niliyoshuka?"

"Ndiyo harufu ya upya, Mama. Panda, karibu."

Wakaondoka vizuri, na Mahmoudi akaanza kumshukuru Mungu. Mapema mno. Hawajafika mbali, pikipiki ikakohoa, ikazima. Akapiga teke la kuwasha, wapi. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Wilfried amemnyonyea petroli, kwa hiyo akafungua kifuniko cha tangi achungulie. Tangi likavuta hewa, fyuuu! Petroli ilikuwa imejaa. Akafunga, akapiga teke, ikawaka.

"Imechoka?" Mama Mouna akauliza.

"Hapana, Mama. Inapumua. Hizi za kisasa njo vile zinafanya."

Wakaendelea. Mungu akitaka kukuumbua hahitaji mashahidi wengi: pikipiki ikazima tena, na ikachagua pa kuzimia, mbele ya garaji ya Wilfried! Fundi akatoka anachekelea.

"Mahmoudi! Imetembea, eh? Umeona kile kitundu cha kwenye kifuniko? Nilikiziba kwa lami mwenyewe!"

Hapo Mahmoudi akaelewa. Kitundu kile ndicho njia ya hewa. Hewa isipoingia tangini, petroli haishuki, na petroli isiposhuka injini inakufa. Ilikuwa inatosha kukizibua kimya kimya kwa msumari, acheke, aseme asante Papa, aende zake. Lakini hasira aliyotoka nayo asubuhi ikampanda kichwani.

"Nani alikutuma kuziba? Umeniharibia pikipiki, mpumbavu wewe!"

Wilfried hakuzoea kutukanwa mbele ya wageni.

"Nimeharibu mimi? Si wewe uliyeniletea chuma chakavu, kutu imekula mpaka kwenye tangi? Si wewe uliyesema nikufichie tundu zote wakwe wasijue? Mama, niamulie wewe! Mtu anakuletea maiti, unaivika shati, halafu anakulaumu haitembei!"

Mama Mouna akashuka polepole. Akajishika nguo kwa nyuma, akatazama kiganja: kilikuwa buluu. Rangi ya kiti hata kukauka haikukauka.

"Mama, naomba nieleze..." Mahmoudi aliona waziwazi Sifa anamponyoka, na hapakuwa na pa kumshikia.

"Umeshaeleza sana, baba."

Akainua kapu lake, akamsimamisha kijana mmoja aliyekuwa akipita na pikipiki iliyopauka, kiti kimefungwa kwa mpira.

"Mwanangu, hii pikipiki yako ni mpya?"

Kijana akacheka. "Mpya wapi, Mama! Niliinunua ikiwa imezeeka tayari."

"Na inafika?"

"Inafika, Mama. Polepole tu."

"Haya, nipeleke kwa kaka yangu," Mama Mouna akasema, akapanda. "Na wewe umeoa?"