Mrithi wa Pasi Namba Nne

Krr. Kimya. Krr tena.

Gizani, upande wa pili wa pazia, mama alikuwa akihangaika na kifuniko cha kopo la mafuta ya kuchua. Kalamu alilala macho wazi, akasikiliza. Zamani kifuniko kile kilifunguka kwa mzunguko mmoja. Siku hizi mama alikibana kwa viganja, kisha kwa magoti, kisha kwa meno.

"Nikufungulie, mama?"

"Lala. Nimekwishafungua."

Krr.

Miaka ishirini na tisa mama alikuwa mtu wa pasi namba nne katika kiwanda cha kufulia. Pasi yenyewe si ya kushika mkononi. Ni mtambo wa mapipa mawili ya chuma cha moto. Shuka linaingia bichi, linatoka limenyooka kama karatasi, na mtu wa pasi kazi yake ni kulilisha, pembe kwa pembe, vidole visifuate shuka. Kabla ya mama, pasi hiyo ililishwa na bibi. Mashuka yalishuka alfajiri kwa malori kutoka upande wa juu wa mji, kwenye mahoteli na hospitali za wenye nazo, na jioni yakapanda tena. Watu wa kota, vyumba vya kiwanda, hawakupanda nayo.

Sasa vidole vya mama vilikuwa vimekataa kukunjuka, na daktari wa kiwanda alikwishaandika kwamba basi. Chumba walichoishi, chenye pazia katikati, kilikuwa cha kiwanda. Mtu wa pasi akiondoka, chumba nacho hurudi kiwandani, isipokuwa mwanawe ashike nafasi yake.

"Nenda ukasaini," mama alisema kulipokucha, kikombe cha chai amekikumbatia kwa mikono miwili kama kifaranga. "Bibi yako alilala getini siku kumi na moja ili sheria hiyo ipatikane. Kabla ya hapo, mtu akichoka walikuwa wakimtolea godoro nje, mvua inanyesha."

"Najua, mama."

"Unajua ya kuambiwa."

"Lakini majibu ya ukarani yanatoka leo. Nikiupata, tutapanga chumba kwingine. Chetu."

"Kenda shika, mwanangu. Hiyo kumi yako ni ya nenda uje."

"Mtihani ulikuwa mwepesi, mama. Wallahi ulikuwa mwepesi."

 Mama alimwita mjukuu wake, binti wa Kalamu, akamfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, kwa vifundo vya vidole. Vilikuwa vifungo vitano. Mtoto alisimama wima, akavumilia mpaka cha tano.

Jina la Kalamu alibandikwa na watu wa kota, miaka mitatu aliyokwenda masomo ya jioni ya ukarani, daftari kwapani, mtoto mgongoni. Mchana alikuwa kibarua wa kutenganisha mashuka machafu: ya damu huku, ya mvinyo kule. Jioni alijifunza kuandika barua zinazoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Aliipenda sentensi hiyo. Ilikuwa sentensi ya mtu aliyekaa kitini.

Getini, alipofika na mtoto mkononi, askari alimwangalia miguu.

"Kalamu! Leo viatu vya kamba? Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kukupandisha cheo."

"Basi anza kwa kunipandisha mpaka pale kivulini, shemeji. Jua limenila kichwa."

Mtoto ndiye aliyecheka.

Afisa utumishi alikuwa kijana wa rika lake, mpole wa sauti. Alinyanyuka mwenyewe akamsogezea mtoto kiti.

"Dada, hongera. Mtihani wa ukarani umeshika namba moja. Watu sabini na wawili umewatupa nyuma! Nilipowaambia wenzangu kwamba huyu ni binti wa pasi namba nne, hawakuamini."

"Asante, bosi."

Akasogeza karatasi mezani. Kalamu akasoma kichwa chake: NAFASI YA KURITHI, PASI NAMBA 4.

"Samahani, bosi. Mimi niliomba ukarani."

"Ndiyo, nimeona. Ukarani umekwenda kwa mtoto wa karani anayestaafu. Sheria ni moja, dada, haibagui mtu. Mtoto wa karani, karani. Mtoto wa pasi, pasi. Hata hiki kiti alikikalia marehemu baba." Akaupapasa mkono wa kiti.

"Yeye alishika namba ngapi?"

"Nani?"

"Huyo mtoto wa karani."

"Hakufanya. Wa kurithi hawafanyi mtihani." Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha basi.

"Sasa mtihani ulikuwa wa nini?"

"Wa nafasi ikitokea wazi."

"Iliwahi kutokea?"

Afisa alitazama dari, akakumbuka kwa dhati. "Tangu nije mimi, bado."

Kalamu alingoja moyo uende mbio. Haukwenda. Dirishani, chini uani, vijana wawili walikuwa wakipakia lori mafurushi meupe, wakirushiana na kudaka, hawatazamani.

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekulazimisha, dada yangu. Utaniletea ufunguo wa chumba mwisho wa mwezi, basi." Akainama kidogo. "Lakini fikiria. Mtu wa pasi aliyesoma! Hata mashuka yataona fahari."

Akacheka, akamsubiri naye acheke. Kalamu akacheka. Kisha akachukua peni, akasaini. Saini yake ilikuwa nzuri, imelala upande mmoja kama ya mkurugenzi. Afisa aliitazama kwa muda.

"Umebaki mstari mmoja tu," akasema. Kidole chake kilikuwa chini kabisa ya karatasi, kwenye maneno Mrithi Anayefuata. "Huu ni wa usalama wenu. Usipojazwa mapema, baadaye huleta taabu. Wengi wamepoteza vyumba hivihivi." Akamgeukia mtoto, akatabasamu. "Huyu anaitwa nani?"

Peni ilikuwa bado mkononi mwa Kalamu. Aliitazama ncha yake. Feni ya dari ilizunguka, ikainua pembe ya karatasi, ikailaza. Afisa hakumharakisha, alikuwa na subira, kazi yake ilimfunza.

Mtoto aliteremka kitini, akasimama kwa ncha za vidole mpaka kidevu kikafika mezani, akaichomoa peni katika vidole vya mama yake.

"Jina langu naliandika mwenyewe," akasema.