Hodi kwa Namba Tano

Nurdini alikuwa amekwisha kung'oa kadi ya sauti na kuirudisha, na sasa alikuwa akikaza skrubu yake kwa vidole kabla ya kutumia bisibisi, kwa sababu matundu ya boksi lile yalikuwa yamelegea. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya chakula bila mfuniko, ubavu mmoja umeelekezwa dirishani ili apate mwanga. Frida alisimama nyuma yake, mkoba begani, amevaa tayari kwenda kazini, akingoja kuona kama safari hii itakubali.

Haikukubali. Mashine iliwaka, ikachukua muda wake, kisha kwaya ya akina mama ikaanza kuimba kutoka kwenye spika mbili ndogo. Nurdini akaiagiza modemu ipige simu. Modemu ikaguna, ikatafuta laini, na kwaya ikakatika katikati ya neno. Alipokata simu, kwaya haikurudi.

Frida alikuwa karani wa kuandika kumbukumbu za vikao katika ofisi moja mjini. Kompyuta aliinunua kwenye mnada, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa pamoja na viti vyake. Modemu aliihitaji ili atume kazi bila kurudi ofisini. Kwaya ilikuwa ya mama yake, bibi Elieth, ambaye macho hayakumruhusu tena kusoma kitabu cha nyimbo. Siku hiyo bibi Elieth alikuwa hospitalini Mvumi, akitibiwa macho hayo.

Nurdini alimweleza tatizo kama alivyolielewa mwenyewe kutokana na vijitabu vilivyokuja na mashine za watu. Kila kifaa ndani ya boksi humbishia hodi mkubwa wao kwa namba yake, na namba ni chache. Kadi ya sauti na modemu zilikuwa zimepewa zote namba tano, na mashine humsikiliza aliyeandikishwa mwisho. Yule wa kwanza hafukuzwi. Yumo, amechomekwa, umeme anaupata. Ila akibisha hasikiki.

Frida aliuliza kwa nini huyo mmoja asipewe namba nyingine. Nurdini alisema ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Nyingine zote zilikuwa na wenyewe, isipokuwa namba kumi, ambayo mashine ilisema imeshikwa, lakini yeye hajaona ndani ya boksi kifaa kilichoishika.

"Endelea kutafuta," Frida alisema. "Nyumba hii haiachwi bila mtu, fundi, unalijua hilo."

"Nalijua, mama Erick."

"Nyie Warangi kazi ndogo mnaifanya kama mnapalilia shamba la ukoo. Siku nyingine ningekasirika. Leo usiharakishe."

Akatoka. Nurdini alilisikia geti likijifunga, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba bisibisi yake haikuwa na skrubu ya kukaza. Meza ilikuwa imeondoka na kompyuta yake. Ukuta wa rangi ya samawati ulikuwa umerudi kuwa tofali la kuchoma lisilopigwa plasta, na juu dari haikuwepo, yalikuwepo mabati matupu. Kiti nacho kilikuwa kimeondoka, kwa hiyo alijikuta ameketi kwenye mkeka. Mbele yake mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa akikoroga uji katika sufuria ndogo, na uji ulikuwa tayari unatoa mvuke.

Mwanamke alimtolea salamu, naye akaitikia. Alikuwa Batuli, mke wa Halfani.

"Wamekuacha ulinde nyumba?" aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Basi wamekosea. Mgeni hashiki nyumba."

Akammiminia uji kwenye kikombe cha plastiki, maana hata hivyo mgeni ni mgeni.

Habari ya kiwanja kile ilijulikana mtaa mzima wa Ipagala. Halfani, mfanyabiashara wa ufuta kutoka Kondoa, alikuwa amepewa kiwanja na ofisi. Frida naye alipewa kiwanja hicho hicho na ofisi hiyo hiyo, baadaye kidogo, kwa mhuri ule ule. Halfani alijenga kiangazi na Frida akajenga masika. Mafundi wao hawakuwahi kukutana, na kila kundi lilipofika lilikuta pametulia, pana msingi wao tu. Siku Frida alipohamia, nyumba ya Halfani ilikoma kuwepo, na Batuli na mtoto wakakoma pamoja nayo. Halfani alikuwa safarini na magunia ya ufuta, ndiyo maana yeye alibaki.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mtu yeyote wa Frida akiwamo ndani, watu wa Halfani hawamo. Watu wa Frida wakitoka wote, nyumba ya Halfani hurudi, na Batuli huendelea na jambo lile lile alilokuwa akilifanya. Ofisini waliambiwa wote wawili wavumilie, kwamba siku ya ukaguzi atakayekutwa kwenye kiwanja ndiye atakayefikiriwa. Ukaguzi ulikuwa haujafanyika. Kwa hiyo bibi Elieth alikuwa hatoki nyumbani isipokuwa Jumapili, kwenda ibadani.

Kiwanja cha jirani kilikuwa kitupu. Kilizungushiwa ukuta wa matofali, kikawekwa geti la chuma na askari. Mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Halfani aliwahi kuuliza kama hakiwezi kutolewa kwa mmoja wao, akajibiwa kwamba hicho kina mtu.

Nurdini alimtazama mtoto. Alikuwa mchanga, kichwa kimelala upande, midomo imekauka. Batuli alisema anaitwa Ikram na ana homa. Ilimshika asubuhi ile Frida alipohamia, wakati yeye akijiandaa kumpeleka zahanati. Watoto wa mtaani waliozaliwa pamoja na Ikram sasa walikuwa wakitumwa dukani. Lakini yeye hakuwa na siku za kukulia, na homa nayo haikuwa na siku za kuishia.

Aliwahi kutoka naye Jumapili, zaidi ya mara moja. Zahanati ya mtaani ilikuwa na muuguzi mmoja, na muuguzi huyo alisali kanisa moja na bibi Elieth. Saa ambazo Batuli alikuwepo duniani, muuguzi alikuwa kwenye kwaya. Ibada ikiisha, muuguzi alipita kufungua mlango wa zahanati na bibi Elieth alipita kufungua mlango wa nyumba, na bibi alikuwa na njia fupi zaidi. Safari moja Batuli alijaribu kwenda mjini kwenye hospitali kubwa. Alifika hadi barabara ya lami, kisha akajikuta tena mbele ya sufuria, mwiko mkononi.

Halfani aliingia bila kubisha, kwa kuwa ilikuwa nyumba yake. Alikuwa na kibanda ng'ambo ya njia, akiuza mafuta ya taa na sigara, na kibanda hicho alikichagua kwa sababu moja: kilitazamana na mlango. Mlango wa Frida ulikuwa wa kahawia na wake ulikuwa wa kijani. Alipouona wa kijani aliacha mteja na chupa yake. Alikuwa na mvi nyingi. Batuli hakuwa na hata moja. Hawakusalimiana sana, kwa kuwa salamu zilichukua muda.

"Leo siyo Jumapili," Halfani alisema. "Muuguzi yupo."

Batuli aliepua sufuria. Alikaza kanga mgongoni, kisha akamgeukia Nurdini.

"Huyo mama anarudi lini?"

"Jioni. Asipoitwa."

"Na wewe utamwita?"

Nurdini alifikiri kabla ya kujibu, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa ameachiwa nyumba, na nyumba haikuwepo. Angeweza kutembea hadi ofisini kwa Frida akamwambia, na labda huo ndio ungekuwa uaminifu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeangukia upande mwingine.

"Simu imeondoka na meza," alisema.

Wakatoka, Halfani mbele. Nurdini akabaki kwenye mkeka, kikombe mkono mmoja, bisibisi mkono mwingine. Kwa kuwa hakuwa na mashine, aliendelea na kazi kichwani. Alianza upya na kila kifaa, kimoja kimoja, na namba yake, na kila mara alirudi kwenye namba kumi. Mwishowe alielewa. Lile shirika lililouzwa lilikuwa limeunganisha mashine zake kwa waya, na kila boksi likawa na kadi ya kuunganishia. Kabla ya mnada mtu alizichomoa kadi zote. Hakuna aliyeingia kwenye ukurasa ule wa mipangilio unaoonekana kabla mashine haijaamka vizuri, akaifuta namba iliyowekwa akiba kwa ajili ya kadi hiyo. Shirika halikuwepo, kadi haikuwepo, ila namba yao ilikuwa bado imewekwa, inawangoja. Dawa yake ilikuwa ndogo: kufungua ukurasa, kwenda kwenye kumi, kuitoa akibani, kumpa mmoja wa wale wawili. Ingekwisha kabla hajamaliza uji.

Kupitia dirisha la Halfani, ambalo halikuwa na kioo, alimwona askari wa jirani akifungua geti la chuma, akifagia majani mbele yake na kulifunga tena.

Mwaka ule maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka na umeme ulikuwa ukitolewa kwa zamu. Mchana haujaisha, upande wa ofisi ya Frida ulizimwa, na makarani wakaruhusiwa kuondoka. Kwa hiyo Nurdini, aliyekuwa ametegemea jioni, aliinuliwa ghafla na kiti kutoka chini. Meza ilirudi, na bisibisi ikajikuta juu ya skrubu. Kikombe kilikuwa cha Batuli, kikaondoka. Uji alikuwa amepewa, kwa hiyo ukabaki, ukammwagikia mapajani na sakafuni.

Frida aliingia, akaweka mkoba. Aliutazama uji. Nyumbani kwake siku hiyo hapakuwa na aliyepika uji. Alikwenda nyuma akachukua kitambaa, akapiga magoti na kuufuta, sehemu zote, hadi chini ya meza. Alikuwa mtu mnadhifu.

"Imekubali?" aliuliza akiwa bado chini.

Mashine ilikuwa inawaka mbele ya Nurdini. Kuufikia ukurasa ule kulitaka kuizima na kuiwasha tu.

"Bado," alisema.

"Umejua tatizo ni nini?"

"Kuna namba imeshikwa na asiyekuwepo. Inataka kutazamwa kwa utulivu. Nitarudi kesho."

Frida alikamua kitambaa ndani ya ndoo. Alikikamua tena, ingawa hakikuwa na maji tena.

"Mama anarudi kesho," alisema. "Na basi la mchana."

Nurdini akaanza kuweka vifaa vyake mkobani. Skrubu za mfuniko aliziacha kwenye kisosi, na mfuniko wenyewe aliuegemeza ukutani.

"Wewe njoo mapema basi. Na mimi nitawahi kutoka." Hakuwa akimtazama. "Kesho tu, fundi. Baada ya hapo mama yumo. Nina mtoto shuleni na sina kiwanja kingine."

"Hata wao hawana," Nurdini alisema.

"Najua," alijibu Frida.

Nje, Nurdini alimkuta Halfani amesimama kando ya ukuta wa kiwanja kitupu, alipofikia wakati Frida alipofungua geti. Walikuwa wakirudi kutoka zahanati, na kwa kuwa Batuli alichoka, Halfani alikuwa amempokea mtoto. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kifuani, mmoja chini, mwingine juu, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Bega la shati lake lilikuwa limeloa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Halfani alieleza kwamba mtoto amechomwa sindano, na muuguzi amesema aletwe kesho, na keshokutwa, na siku inayofuata, bila kuruka hata moja. Akiruka ataanza upya, na kwa hali aliyo nayo mtoto, muuguzi hashauri aanze upya.

"Kesho ipo," Nurdini alisema. "Hadi basi la mchana la Mvumi."

Halfani alitikisa kichwa kukubali. Alionekana kuhesabu kitu, kisha akaacha.

"Alikuwa ameanza kutoka jasho," alisema. "Ndilo hili."

Nurdini alilitazama bega lililoloa. Jua lilikuwa kali bado na upepo wa Dodoma ulikuwa mkavu, na kitambaa kilikuwa kimeshaanza kukauka kuanzia pembeni. Nyuma yao askari alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwenye geti lake, akilinda.

Kutoka dirishani kwa Frida kwaya ikaanza kuimba. Alikuwa akijaribu mashine mwenyewe. Wanaume wawili wakasimama wakisikiliza, na Halfani hakushusha mikono. Kisha modemu ikaguna, na wimbo ukakatika katikati ya neno.