Siku Mapendo Alipobatizwa

Tangu kifafa kilipoanza kumkamata tena, Bulonza hakukubali kumbeba binti yake, Mapendo. Aliogopa kumwangusha. Siku ya ubatizo alimwomba kaka yake, Cirhuza, ambebe mtoto badala yake.

"Papa ya mutoto ni weye," Yolande, mke wa Bulonza, alimwambia mumewe. "Sisi tutakuwa karibu yako."

Wakateremka kwenda kanisani kwa njia ya matope yenye mteremko mkali. Bulonza alimbeba Mapendo; Cirhuza alitangulia, Yolande akamshika mumewe kiwiko. Bulonza alikuwa amekunywa dawa asubuhi, lakini njia nzima alisikilizia mkono wake wa kushoto, maana ugonjwa ulianza siku zote kwa ganzi ya vidole.

Walifika salama. Padri alipoanza kuita watoto, ganzi ikaja.

"Yolande, mupokee," alisema kwa sauti ndogo.

Yolande akampokea Mapendo. Cirhuza akamdaka ndugu yake na kumlaza kwa ubavu sakafuni, kama daktari alivyowafundisha. Nyuma yao watu walinong'ona.

Bulonza alipofungua macho hakukumbuka kitu.

"Mutoto iko wapi? Nilimuangusha?"

"Hapana. Ulinipatia ye mbele ya kuanguka," Yolande alisema. "Padri iko anatungojea."

Miguu ya Bulonza ilikuwa bado haina nguvu, kwa hiyo wakamletea kiti, na Yolande akamrudishia Mapendo. Cirhuza akapiga magoti kando yake, akamtegemeza mikono. Maji yalipomgusa Mapendo alilia sana, na baba yake akamkumbatia kifuani mpaka akanyamaza.