Ngata ya Angetile

Kra, kra, kra. Kabla jogoo hajawika, ganda kavu la mgomba linalia vidoleni mwangu. Ninalisokota, ninalipinda, ninalizungusha liwe ngata, na vumbi lake jembamba linanipanda puani. Ninapiga chafya gizani. Hasira yangu haihitaji kuamshwa, maana haikulala.

Mwanangu Asegelile yuko mlangoni. Hakai. Amechuchumaa kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa ardhi, kwa sababu mapaja yake yamechubuka, makalio yamevimba, na shavu la mguu wake wa kulia limeungua. Mtu mzima, baba wa kijana aliyekwisha kuoa, amejikunja mlangoni kwa mama yake kama kuku aliyenyeshewa. Watu wa Ipyana wanajua mimi ni mpole. Leo wasiniulize upole.

Ninakusema wewe, tukutuku. Wewe chuma chenye magurudumu mawili, tumbo la mafuta na sauti ya mgonjwa wa kifua. Ulivuka ziwa Nyasa umelala kwenye meli, ukashushwa Mwaya mabegani mwa watu, ukiwa umebebwa kama mtoto. Ulipofika barabarani ukajifanya mkubwa.

Ninakusema na wewe, bwana mzungu wa boma, wa buti ndefu. Ulimchagua mwanangu kwa kuwa alijua kupaka mafuta magurudumu ya mkokoteni wa misheni. Hukumwuliza kama anataka. Ulisema, huyu atapeleka amri za boma. Ukasema, asipojifunza atabeba mizigo na wapagazi wengine, maana vita vyenu vinanukia mpakani. Mizigo ninaijua. Mdogo wake, Andongwisye, alitwishwa mmoja wakati mlipokuwa mkipigana na watu wa kusini. Mzigo ulifika. Yeye hakufika.

Basi mwanangu akajifunza. Akajifunza kusukuma chuma, kukimbia nacho, na kukirukia kikiwa tayari kimekasirika. Akajifunza kwamba usukani ukishikwa kwa hofu, mikono hufa ganzi hadi viwiko. Akajifunza kwamba bomba la moshi haligusiki, na alijifunza kwa ngozi yake. Kungu, wale wadudu wa ziwani tunaowala, walipotanda kama moshi juu ya maji, aliwapitia mdomo wazi, akarudi nyumbani akitema.

"Kitoweo umekula barabarani," nilimwambia. "Sisi umetuachia nini?"

"Mama, usinichekeshe," akasema. "Nikicheka, huku nyuma kunauma."

Na kila siku, ng'ambo ya barabara, sauti ya bwana: Macho mbele. Mgongo unauma, macho mbele. Tandiko ni gumu kama jiwe la kusagia, macho mbele. Maneno mawili tu ya Kiswahili aliyoyajua vizuri, nayo aliyatumia kama kiboko.

Macho mbele. Lakini macho ya mwanangu yana adabu iliyoyatangulia.

Kwetu, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Mkwe akisikia baba mkwe anakuja, huacha njia. Akikosa pa kuacha, hugeuka, hujifunika, hukaa kimya mpaka apite. Ndiyo maana vijana wetu wakioa huwa na kijiji chao, na baba zao kijiji chao. Si chuki hiyo. Ni heshima inayojengewa uzio. Na mke wa mjukuu wangu anaitwa Angetile, jina linalosema "amenitazama". Mimi humtania, mke mwenzangu, nani huyo aliyekutazama?

Juzi Angetile alikuwa anatoka ziwani, chungu kipya cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kichwani. Barabara imeinuliwa katikati ya mpunga, kulia maji, kushoto maji. Tukutuku likatokea. Msichana hakuwa na pa kwenda. Alishusha chungu, akachuchumaa, akageuza mgongo, akajifunika kitambaa usoni.

Na mwanangu, juu ya chuma kinachokimbia, akafumba macho.

Akaenda mzima mzima kwenye mpunga. Chuma kikamlalia mguu, kikamchoma, kikaendelea kunguruma ndani ya tope.

Angetile hakuweza kumshika mkono. Hakuweza hata kumwita. Lakini sikilizeni alichofanya, maana mimi nimekiweka moyoni. Alichukua ngata yake, ile ya kuwekea chungu kichwani, na bila kugeuka, akaisukuma nyuma yake barabarani. Ikabingirika kama gurudumu dogo lisilo na kelele, mpaka kwa baba mkwe wake. Akalie. Apoze mifupa. Kisha akabeba chungu kwenye kichwa kitupu, akaondoka, hakutazama.

"Ndaga," mwanangu alishukuru, akiuambia mpunga.

Aliiweka ngata juu ya tandiko. Bwana akafika na askari wake, akauliza kwa nini alifumba macho.

"Mkwe wangu alikuwa njiani, bwana."

Askari akatafsiri huku anacheka. Bwana hakucheka. Alimpiga mwanangu fimbo mabegani, akaitupa ngata majini, akasema serikali haikalii majani. Akasema, kesho kutwa utakwenda Mwaya na kurudi, nami nitasimama njiani nikutazame. Ukianguka, mzigo unakungoja.

Alimpiga kwa heshima yake. Hilo ndilo linalonichoma, bwana wa buti. Jeraha la fimbo litapona. Heshima iliyopigwa haiponi.

Leo ndiyo siku aliyoitaja, kwa hiyo ninasokota. Kra, kra. Ngata hii ni bapa. Ninaishonea ndani, chini ya ngozi ya tandiko alilolifungua jana usiku akaja nalo kwangu, mahali ambapo buti haitafika na jicho la boma halitaona. Serikali ikae juu ya majani, isijue.

Na jana nilifanya jambo jingine. Nilikwenda kwa mguu mpaka kijiji cha vijana. Sikuomba kikubwa. Niliwaambia wake zao: mkisikia kikohozi cha chuma kutoka mtoni, acheni barabara yote.

Jua sasa limepanda. Nimesimama na Angetile ndani ya migomba yake, yeye ameipa barabara mgongo. Tunalisikia kabla ya kuliona, tuku, tuku, tuku, likitoka mtoni. Wanawake wanatoweka. Mabeberu ya mbuzi yanavutwa masikio. Barabara inabaki nyeupe, tupu, kama mkeka uliotandikwa kwa mgeni.

Anapita. Amekaa. Mwanangu amekaa kama mtu aliyeketi kwake. Macho mbele, na mbele hakuna wa kumvunjia adabu. Anakwenda Mwaya, anarudi, hajagusa tope.

Bwana, aliyesimama karibu na migomba yetu, anaitazama barabara tupu, kifua kimemjaa.

"Wanaogopa," anamwambia askari kwa Kiswahili chake kibovu.

Nenda hivyohivyo, bwana. Nenda na uongo wako. Hawakukimbia kwa ajili yako. Hapakuwa na mtu aliyekukumbuka.

Vumbi linatufikia kwenye migomba, linatua mabegani, linatua kwenye chungu cha Wakisi, taratibu, kama unga unaochekechwa. Alfajiri vumbi lilinipigisha chafya. Hili ninaliacha likae. Limetoka chini ya mwanangu, na mwanangu hakuanguka.

Angetile anasema na jani la mgomba, akimwita baba mkwe wake tata, yaani baba, ingawa mimi ndimi ninayesikiliza.

"Bibi, tata amekaa vizuri?"

"Amekaa, mke mwenzangu."

Anafuta chungu kwa kiganja, halafu anaacha, vumbi libaki.

"Uje tena, bibi. Na tata mwambie apite tena. Ila apige kelele tangu mtoni, nipate kumpisha."