Turubai la Chama cha Kuzikana

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya Matlhakong kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna mtu kijijini aliyeandika barua nzuri kuliko mimi, Mma Gaopalelwe; kwetu mama huitwa Mma, na bwana huitwa Rra. Barua zangu zilikuwa na tarehe, na mhuri, na "Ndugu Mzazi" juu kabisa. Wazazi walizipokea kwa heshima wakaenda kuwashia moto. Mkutano wa kwanza mwaka huu walikuja kumi na mmoja. Wa pili walikuja saba, pamoja na mbwa wa Rra Sebogodi, ambaye angalau alikaa mpaka mwisho.

Mkutano wa tatu haukuwa wa mchezo. Wilaya ilituandikia kwamba wanafunzi wetu wamepungua, kwa hiyo shule itafungwa na watoto watahamia ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Kama wazazi hawakubali, wakutane, wasipungue sitini, wanyooshe mikono, na majina yao yafike ofisini kabla ya Ijumaa jioni. Sasa hiyo barabara kuu ndiyo ya malori ya mgodini, ambayo hayapunguzi mwendo hata kwa ng'ombe. Mjukuu wangu Tshiamo ana miaka saba, na anatembea huku anatazama ndege. Nilikuwa silali.

"Wape chakula, Mma," aliniambia mwalimu mkuu, Rra Modisaotsile. "Watu wa hapa hawaitwi kwa karatasi."

Nikaona sawa. Mkutano nikaupanga Alhamisi asubuhi, nikanunua nyama, nikanunua maboga. Jumatano nikaenda kwa Mma Seipone, mtunza vifaa wa chama cha kuzikana, kuazima turubai na masufuria makubwa. Mwenyewe alikuwa kliniki, mkwewe akanipa ufunguo wa stoo bila swali. Jioni turubai likasimama katikati ya uwanja wa shule, linaonekana mpaka kisimani. Mimi nilikaa Johannesburg miaka thelathini nikifanya kazi ya uuguzi, na huko turubai ni turubai tu. Nikaenda zangu nyumbani nimefurahi.

Alhamisi asubuhi nilisikia wimbo wa kanisani kabla sijaona watu. Mbele alikuwa Mma Seipone, shali mabegani, ndoo ya unga kichwani. Nyuma yake kina mama wengi, wote na shali, wengine na visu, wengine na kabichi. Wanaume walikuja na sepetu, wakiuliza kaburi linachimbwa wapi. Kisimani walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba marehemu ni Rra Modisaotsile, kwa sababu gari lake halijaonekana siku mbili. Mama mmoja alikuwa anawaeleza wenzake alivyomsikia akikohoa Jumatatu, kikohozi cha mtu anayeaga.

Rra Modisaotsile akatoka ofisini na kikombe chake cha chai.

"Jamani, poleni," akasema. "Nani amefariki?"

Mzee Sebogodi akavua kofia, akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Tuliambiwa ni wewe."

Watu wengine walicheka, na mimi nikacheka. Mma Seipone hakucheka. Alitua ndoo yake chini.

"Turubai hili limetolewa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa msiba gani?"

"Kwa mkutano."

Kicheko kilikatika. Kwetu turubai la chama halitoki stoo ila kuna maiti, na kulitoa bure ni kumwita mtu afe. Nililijua hilo tangu utotoni, nikalisahau mjini. Watu wakaanza kugeuka, zaidi ya mia, wale wale niliowahitaji, wanaelekea getini. Nikawakimbilia mbele, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana nilianza kuwahubiria.

"Wafu mnawajia, watoto wenu walio hai hamuwajii. Hamwoni haya?"

"Subiri, dada," alisema Mma Seipone, taratibu. "Mume wangu alipokufa, ulikuja?"

"Nilituma bahasha."

"Niliiona. Nikatafuta mhuri." Watu wakaguna. "Miaka tisa tangu urudi hapa, hujamenya boga la mtu. Sisi tunazikana. Wewe unatuandikia."

Nilitaka kusema habari ya goti langu, na ya uchovu, na kwamba bahasha ile ilikuwa nene. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifikiri juu ya Tshiamo na yale malori, nikaona nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ni kweli," nikasema. "Nisamehe, dada."

Alinitazama, kisha akaitazama ndoo. Unga ukishatoka nyumbani kwenda msibani haurudi nyumbani, hilo halina mjadala hata kwa watu waliokasirika. Ndoo nyingine zilikuwa zimekwisha wekwa chini pale uwanjani, kama ishirini hivi.

"Huu utaliwa hapa hapa," akasema. "Kaa chini umenye."

Nikakaa kwenye mkeka, nikapewa kisu na boga. Waliokuwa getini wakarudi, wakawasha moto, wakabandika masufuria, na ndimi zikalegea.

"Mtazameni muuguzi. Anamenya kana kwamba boga litapiga kelele."

"Mwache, anatafuta mshipa."

Nilipofika boga la tatu, yule mama wa habari ya kikohozi akaniuliza, "Hivi ile barua yako ilikuwa inasemaje?" Nikamweleza kwa mdomo: shule kufungwa, barabara, malori. Kisu chake kikasimama.

"Watoto wavuke pale? Mbona hukusema?"

"Niliandika."

"Aliandika," akawaambia wenzake, kwa sauti ya kuhurumia mgonjwa.

Walikula, wakashiba. Rra Modisaotsile akahesabu mikono, akaandika na majina: wazazi mia moja na kumi na wawili, wote hawataki shule ifungwe. Nililia, na sioni haya kusema.

Mzee Sebogodi akainuka. "Kwa kuwa leo tupo, tuchague na mwenyekiti. Mimi namtaja Mma Seipone. Ana wajukuu watatu hapa. Mma Gaopalelwe awe katibu, kuandika anajua."

Wakacheka tena. Mimi ilinichoma. Nilikipenda kile cheo, nilipenda kuitwa mwenyekiti dukani. Nilitafuta uso hata mmoja wa kunitetea, na kila mtu alikuwa anatazama mahali pengine. Kisha nikajiuliza ni nani nimewahi kumwita akaja. Nikanyoosha mkono wangu kabla ya wengine, juu kabisa, na wao wakafuata.

Mma Seipone hakushukuru wala hakuhutubia.

"Keshokutwa tunazika kijiji jirani, kwa kina Rra Kgosiemang," aliniambia mbele ya wote. "Kumenya kunaanza kesho saa nane mchana. Utakuja, au utaandika?"

Nikamwambia nitakuja, na mkutano ukafungwa.