Mtu wa Malindi

Neno lenyewe lilikuwa dogo tu. Kheiria alikuwa jikoni, kwenye ukumbi wa juu ambako wanawake wote wa hoteli walipikia, akichambua samaki wadogo wakavu aliowanunua soko la Matrah. Rahila, jirani yake wa chumba cha pili, akainama kuwatazama, uso ukamchangamka.

"Loo, ndagala!"

Kheiria akainua kichwa. "Umesema nini?"

"Dagaa," Rahila akajibu upesi. "Nimesema dagaa." Akachukua sufuria yake akaingia chumbani, na komeo likasikika likifungwa.

Kheiria alizaliwa Unguja na kukulia Unguja, mpaka mapinduzi ya mwaka sitini na nne yalipowatoa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu wa kwao akiwaita dagaa ndagala. Na huyu Rahila alikuwa amejiandikisha kuwa ni mtu wa Unguja, wa mtaa wa Malindi, mjane, na bintiye mmoja mdogo.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1970. Serikali mpya ilikuwa imewafungulia mlango Waomani waliotawanyika, nao walikuwa wakiingia Maskati kwa meli na kwa ndege, wengi hawana hata ndugu wa kuwapokea. Nyumba moja ya ghorofa mbili nyuma ya soko la Matrah ikakodiwa, ikatiwa vitanda, watu wakaiita hoteli. Kila familia ya Unguja ilipewa chumba kimoja mpaka mume apate kazi na nyumba. Thabit, mume wa Kheiria, alikuwa ameshapata kazi ya kusomesha, wakawa wanangojea nyumba.

Shida ni kwamba vyumba vilikuwa vimejaa. Nasriya, mdogo wake Kheiria, alikuwa Dubai na watoto wake, amekaa kwa watu waliokwisha kumchoka. Kila Kheiria alipomuuliza Marhoon, msimamizi wa hoteli, jawabu lilikuwa lile lile: hakuna nafasi. Na mara ya mwisho Marhoon akaongeza, "Wamo humu watu ambao si wenu. Wamesikia kuna vitanda, wamekuja na maneno yao. Ukimjua mmoja, niambie."

Tokea siku hiyo hoteli ilibadilika. Mtu akipita ukumbini, mazungumzo yalikatika. Wanawake walioazimana chumvi jana, leo waliulizana majina ya babu zao. Kheiria naye alianza kumsikiliza Rahila, na kila alichokisikia kilimtia shaka zaidi. Rahila hasemi sana. Akiongea, huchagua maneno kama mtu anayetembea gizani. Watu wakitaja mambo ya Unguja, yeye hucheka baada ya wenzake kucheka.

Siku moja wakati wa kuanika nguo, Kheiria akamtegea.

"Shoga, weye wa Malindi, lazima ulikuwa ukimjua Bi Mahbuba. Yule muuza visheti, mwenye mguu mmoja."

Rahila akabana kibanio kwenye kamba. "Nani asiyemjua Bi Mahbuba? Visheti vyake vilikuwa vitamu sana."

Bi Mahbuba huyo hakupata kuwako. Kheiria alimbuni pale pale, na kanga mbichi mkononi. Akamaliza kuanika, akashuka ngazi moja kwa moja mpaka kwa Marhoon. Njiani alijiambia kwamba anafanya hivi kwa ajili ya haki. Lakini alipofika mlangoni alikuwa tayari anawaza wapi Nasriya ataweka sanduku lake katika chumba kile.

Marhoon alimsikiliza mpaka mwisho. "Asubuhi nitamwita," akasema. "Nawe uwepo. Mimi Kiswahili sijui, na yeye Kiarabu hajui. Utatufasiria."

Kheiria hakulitarajia hilo. Alidhani atasema neno lake na kuondoka.

Asubuhi wakakaa watatu katika chumba cha chini, Marhoon nyuma ya meza, Rahila mbele yake na buibui limebanwa kidevuni. Alipomwona Kheiria pale, alimtazama mara moja tu, na Kheiria akajua kwamba ameshaelewa nani aliyempeleka.

"Muulize anatoka wapi," Marhoon akasema kwa Kiarabu. "Na asinidanganye."

Kheiria akafasiri. Rahila akaanza kusema, na safari hii hakuchagua maneno.

"Mimi sijawahi kuiona Unguja. Natoka Uvira, huko Kongo, kando ya ziwa. Mume wangu Sleyum alikuwa Mwarabu wa huku, baba yake alikwenda bara akafungua duka. Vita vilipokuja duka likachomwa moto, naye alikuwa ndani. Nikavuka na mtoto mpaka Bujumbura, tukakaa kwa watu miaka. Halafu nikasikia Omani inapokea watu wake. Mtoto wangu ni mtu wake, au si mtu wake? Kwenye meli wakaniambia, ukisema Kongo hawatakujua, sema Unguja. Nikasema Unguja." Akamgeukia Kheiria, "Sasa mwambie. Ndilo ulilolitaka."

Marhoon alikuwa akingoja. Huenda hii nayo ni hadithi tu, Kheiria alijiambia. Mtu aliyesema uongo jana atashindwa nini leo? Hakuwa na njia ya kujua. Akilini alimwona Nasriya na watoto wake wamekaa juu ya mizigo yao Dubai. Akakumbuka pia mlango wa kwao Unguja ulipovunjwa siku za mapinduzi, na jinsi walivyoulizwa mle ndani wao ni watu wa wapi.

"Anasema ni mtu wa Malindi," akafasiri. "Mume alikufa katika vurugu. Aliolewa mdogo, hakuwa akitoka nje, ndiyo maana hawajui watu."

Marhoon akamkazia macho. "Maneno mengi hivyo, na tafsiri fupi hivyo?"

"Mengine ni kilio cha mjane, baba. Sikuona haja ya kukuchosha."

"Jana ulikuja hapa ukaniambia huyu ni mwongo."

"Jana nilikosea."

"Unamdhamini?"

"Nnamdhamini."

Marhoon akagonga kalamu juu ya meza, haonekani kama ameamini, akawaambia waende zao.

Ukumbini Kheiria akamshika mwenzake mkono. "Sikumwambia. Nimemwambia wewe ni mtu wa Malindi, umebaki na chumba chako."

Rahila akautoa mkono. "Wewe ndiye uliyenichongea kwake. Leo unisaidie kwa nini?"

Rahila akaingia chumbani, na komeo likafungwa.

Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Kheiria hakumngoja Thabit aamke. Akavaa buibui lake akatoka, akapita sokoni ambako wenye maduka walikuwa ndiyo kwanza wanaondoa mbao, mpaka penye magari ya abiria. Rahila alikuwa amekaa juu ya furushi lake, mtoto amemlalia. Dereva mmoja alikuwa amesimama mbele yake akiuliza swali lile lile kwa sauti inayozidi kupanda, kama kwamba Kiarabu kikipigiwa kelele kitaeleweka.

"Anauliza unakwenda wapi," Kheiria akamwambia.

"Kwa watu wa Sleyum. Alikuwa akisema wako Ansab."

"Ansab kwa nani?"

"Ana ami yake, Bakhit. Kama yu hai." Rahila hakumtazama. "Naondoka kabla sijatolewa na askari."

"Marhoon angetaka kukutoa angewaleta jana ile ile."

"Nitajuaje? Sikusikia ulichomwambia. Nilisikia sauti tu."

"Hutajua," Kheiria akasema. "Mimi nami sijui kama hiyo Uvira yako ni kweli. Lakini mtoto ana baridi. Turudi, huyo Bakhit tutamtafuta kwa kumpelekea habari. Asipopatikana, gari hizi zipo."

Rahila akafikiri sana. Mwisho akanyanyuka kwa sababu mtoto alianza kukohoa, si kwa sababu ameamini. Furushi akalibeba mwenyewe.

Habari ikapelekwa Ansab kwa mkono wa dereva. Siku zikapita. Nasriya akawasili kutoka Dubai, ikabidi alale na watoto wake chumbani kwa Kheiria, na Thabit akahamia ukumbini na godoro lake. Nasriya aliposikia kwamba chumba cha jirani kingeweza kuwa chake, alimnunia dada yake siku nyingi. Kheiria akavumilia. Usiku mwingine alimsikia Rahila akikohoa ng'ambo ya ukuta, akajiuliza kama hakufanya ujinga.

Kisha siku moja mchana akaja mzee mwembamba, khanjari kiunoni, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa Bakhit. Alipomwona mtoto wa Rahila alisita mlangoni, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama masikio na paji la uso. Machozi yakamtoka bila haya.

"Mwambie," akamwambia Kheiria, "kwamba ndugu yangu alikwenda bara sisi tungali wadogo, na tukaacha kupata barua. Huyu ni damu yetu. Kuna chumba kwangu, chake na mtoto. Hakuna atakayemwuliza neno, wala hataozwa bila ridhaa yake."

Kheiria akafasiri neno kwa neno. Rahila alikuwa akimtazama midomo. Alipomaliza, Rahila hakumjibu yeye. Akamgeukia mzee, na kwa Kiarabu cha kuokotezaokoteza, alichokuwa amejifunza kwa wauza maji na madereva, akamwuliza mwenyewe:

"Beit? Mimi, binti? Beit yetu?"

"Beitkum," Bakhit akajibu, mkono kifuani, yaani nyumba yenu.

Rahila akamwuliza tena, polepole, kuhusu kuozwa, akionyesha kidole cha pete. Mzee akatikisa kichwa kukataa, akaapa. Ndipo Rahila akaingia chumbani kukusanya vitu vyake. Akatoka na furushi kichwani na mtoto mkononi, akasimama mbele ya Kheiria.

"Umefasiri sawasawa," akasema, akashuka ngazi akimfuata mzee.